Unga wa bomba: shajara ya chupa 14 za ukoga

Siku ya 0, Jumapili

Wiki nzima koki ya jikoni imekuwa ikitoa maji kama uzi. Leo nimeifungua pua, ile sehemu ya chini yenye kiwavu. Ndani nimekuta vijipande vya kijani mfano wa makombo ya kucha, na kila kimoja kimevaa ute. Nimekifinya kimoja kati ya gumba na shahada, kikaponyoka kama mbegu ya nyanya.

Rangi niliijua palepale. Ni ya bomba la PPR, aina ya plastiki ngumu, ambalo fundi alilishusha kutoka kwenye tenki la juu mwezi uliopita. Kijani kimetoka kwenye meno ya msumeno wake, kikaachwa ndani ya bomba, kikasafiri mpaka jikoni kwangu. Ila ute hakuna aliyeununua dukani.

Ute huo nitauita ukoga, jina lilelile la uchafu wa kwenye meno kabla ya mswaki, kwa sababu ni kitu kilekile: bakteria waliojibandika mahali, wakajitolea gundi yao ya sukari na protini, wakajifunika nayo. Wataalamu wengine wanasema bayofilamu. Bibi yangu angeelewa ukoga.

Usiku nimerudia kusoma ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kuhusu mikroplastiki kwenye maji ya kunywa. Mikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5, kwa hiyo makombo yangu yamo. Ripoti inataja mashaka ya aina tatu: chembe zenyewe, kemikali zilizomo, na ukoga unaoota juu yake. Mawili ya kwanza sina vifaa vya kuyagusa. La tatu ninalo kwenye pua ya koki, bure.

Swali la mradi nimeliandika kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza wa daftari: bakteria wa tenki hili wanaupenda unga wa plastiki kuliko vitu vingine vinavyokaa majini, au wanaota popote tu?

Kwa atakayesoma daftari hili baada yangu: mimi ni fundi sanifu wa maabara chuoni, nimepanga Kimara, na mwenye nyumba ana tenki la lita 1,000 juu ya mnara wa zege. Maji yetu ni ya Mto Ruvu, yanasafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi, yanapandishwa mpaka huku. Dokta anayenisimamia ameniruhusu kutumia meza moja ya maabara baada ya saa za kazi, "mradi usinimalizie agari," ule ute mgumu wenye chakula wa kuoteshea bakteria.

Siku ya 2

Nimemfuata fundi kwenye saiti anakofanya kazi, nikamwomba vipande vya mabaki.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba dada. Bomba limepasuka?"

Nikamwambia halijapasuka, nataka makombo tu. Akacheka, akanikusanyia: PPR ya kijani, na plastiki nyingine mbili za mabomba: PVC ya kijivu, na lile bomba jeusi la HDPE lenye mstari wa bluu. Nimekaa nikimtazama anavyofanya kazi. Anakata PPR kwa msumeno wa chuma, anapuliza mdomo wa bomba mara moja, anachomeka kwenye mashine iliyopashwa mpaka nyuzi 260, anahesabu kimoyomoyo, anaunganisha. Haifiki dakika.

"Huo unga unaobaki ndani unakwenda wapi, fundi?"

"Unakwenda na maji."

Upo mkasi maalumu wa kukatia PPR ambao hautoi unga hata kidogo. Alikuwa nao, ukaazimwa, haukurudi.

Simtanki, yaani tenki la plastiki, hakunipa, ila nyuma ya karakana yao lilikuwepo moja bovu lililopasuka ubavu, nikakata kipande.

Siku ya 3

Maandalizi. Kila bomba nimelisaga kwa msumeno juu ya karatasi ya alumini, nikachekecha kwa chekecheo mbili za chuma na kubakiza chembe za kati ya nusu milimita na milimita moja. Najua chembe nyingi zinazopatikana kwenye maji ya kunywa ni ndogo mno kuliko hizi, lakini hizi naweza kuzishika kwa kibanio. Nimezisuuza kwa spiriti ya asilimia 70, halafu kwa maji niliyoyachemsha kwenye presha kuka dakika 15.

Chupa ni za jamu, 14: mbili za PPR, mbili za HDPE, mbili za PVC, mbili za simtanki, mbili za shanga ndogo za kioo, mbili za mchanga wa kujengea uliochemshwa, na mbili za maji matupu. Kila moja ina nusu lita ya maji ya tenki, nusu gramu ya unga, na imefunikwa kwa karatasi ya alumini mwani usije ukaota. Kila jioni namwaga maji nusu na kuweka mapya, kama nyumba inavyotumia tenki.

Kosa la kwanza halikuchelewa. Ili unga usimwagike wakati wa kubadilisha maji, niliufunga kwenye vifuko nilivyoshona kwa soksi ndefu za kike. Nilikuwa nimeshafunga chupa tisa ndipo nikakumbuka soksi hizo ni nailoni. Yaani chupa za kioo na za mchanga, zilizowekwa makusudi zisiwe na plastiki, nimezivisha plastiki mwenyewe. Nimefungua zote. Kesho Kariakoo, kutafuta vile vichujio vya majani ya chai vya chuma vinavyofunga kama yai.

Siku ya 4

Vichujio 14 vimepatikana. Muuzaji kaniuliza kama nafungua mgahawa.

Chupa zimeanza rasmi leo saa 12 jioni. PPR na HDPE zinaelea, PVC na kioo zimezama moja kwa moja. Joto la maji ndani ya tenki saa 8 mchana: nyuzi 33.

Siku ya 7

Hakuna cha kuona kwa macho. Maji masafi, unga msafi. Nimebadilisha maji, nimelala.

Siku ya 11

Mavuno ya kwanza. Natoa unga, nausuuza taratibu ili bakteria waliokuja kutembea tu waondoke, halafu nautia kwenye mrija wenye maji ya chumvi na shanga za kioo na kuutikisa kwa nguvu dakika nzima ili waliojibandika wabanduke. Maji hayo nayazimua na kuyapaka kwenye visahani vya agari ya R2A.

R2A inastahili sentensi chache zake. Agari za kawaida za hospitali zina chakula kingi, na bakteria wa maji ya bomba wamezoea njaa. Ukiwapa shibe ya ghafla wengi hawaoti kabisa, na sahani inakudanganya kwamba maji ni masafi. Reasoner na Geldreich walitoa R2A mwaka 1985 wakiwafikiria hawa wenye njaa: chakula kidogo, joto la wastani, na subira ya siku tano hadi saba. Uwongo wa sahani tupu ndio uliowafichia wengi ukoga wa mabomba.

Siku ya 18

Nimehesabu. Vidole vinatetemeka, sitaficha. Kwa mzimuo uleule, wastani wa visahani vya PPR ni koloni 143 (koloni ni kitone cha bakteria kinachoonekana kwa macho). HDPE haiko mbali na hapo. Kioo: 52. Mchanga unakaribiana na kioo. Yaani plastiki inabeba karibu mara tatu ya kioo!

Nyingi ni koloni za njano na za rangi ya chungwa, ndogo, zinang'aa kama matone ya samli. Mbili za waridi. Nimepiga picha, nimezituma kwa Dokta saa 4 usiku pamoja na sentensi ndefu ya kujisifu.

Amejibu kwa sauti, sekunde sita: "Hongera. Umegawa kwa kitu gani?"

Siku ya 19

Sikulala vizuri, na sababu ni hiyo. Niligawa kwa gramu. Nusu gramu ya kila kitu, nikadhani nimetenda haki.

Lakini sentimita moja ya ujazo ya PPR ina gramu 0.9 na ya kioo ina gramu 2.5. Ukichukua nusu gramu ya kila kimoja kwa chembe za ukubwa mmoja, chembe za PPR ni nyingi mara 2.8 kuliko za kioo. Zikiwa nyingi mara 2.8, uso wa kukaliwa na bakteria nao ni mara 2.8. Na 143 kwa 52 ni mara ngapi? 2.75.

Nimelitazama jibu hilo kwenye kikokotoo mpaka kioo cha simu kikazima. "Ugunduzi" wangu wote wa jana ulikuwa ni mizani. Sikupima kwamba bakteria wanapenda plastiki. Nilipima kwamba plastiki ni nyepesi. Na bado niliipendelea plastiki, maana shanga za kioo ni laini na za mviringo, na unga wa msumeno umejikunja na kuchanika kama maganda ya muhogo. Uso wake wa kweli ni mkubwa zaidi ya hesabu. Kwa kila milimita ya mraba huenda PPR ilikuwa na wapangaji wachache kuliko kioo.

Nimemjibu Dokta neno moja: "Gramu." Akatuma kidole gumba.

Siku ya 20

Naanza upya sehemu ya pili, safari hii kwa vipande badala ya unga: mraba wa sentimita moja kwa moja kutoka kwenye ukuta wa kila bomba, na mraba huohuo wa kioo kutoka slaidi za hadubini. Uso sawa kwa uso. Chupa za unga naziacha ziendelee, zitafaa kwa klorini.

Kwa kuwa nilikuwa na chupa moja ya ziada nimetumbukiza humo washa ya raba ya koki, nimeikata mraba uleule. Udadisi tu.

Siku ya 22

Umeme umekatika kuanzia saa 7 usiku mpaka saa 5 asubuhi. Kabati la joto limeshuka hadi nyuzi 29, ambalo ndilo joto la Dar yenyewe. Bakteria hawakujua kama kuna mgao. Ya friji sisemi.

Siku ya 25

Leo ni siku ya rangi. Kupima ukoga wenyewe, gundi na vyote, watu hutumia kristali vayoleti: unatumbukiza kipande, unasuuza, rangi inayong'ang'ania unaiyeyusha kwa siki kali na kuipima kwenye kolorimita. Ukoga mwingi, zambarau nyingi. Kwa lugha ya duka la dawa ni GV, ileile tuliyopakwa midomoni utotoni tukatoka nyumbani tumeona aibu.

Kabla sijagusa vipande vya chupa nimepaka vipande vipya kabisa, visivyowahi kuona maji. Kioo kimetoka kweupe. PVC imetoka imevaa zambarau na kugoma kuivua. Hakuna bakteria hata mmoja pale. Plastiki yenyewe inainywa rangi, hasa kwenye kingo zilizochanwa na msumeno. Bila hatua hii ningeandika tena sentensi ya kujisifu saa 4 usiku. Kuanzia leo kila kipande kina pacha wake mkavu, na rangi ya pacha inatolewa.

Vinyuzi vya bluu vimeonekana kwenye sahani tupu chini ya hadubini. Nimevitafuta vinakotoka kama saa nzima. Sweta langu.

Siku ya 30

Klorini.

Nimechukua chupa mbili safi zenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kwenye ya kwanza nimetia unga mpya wa HDPE, kwenye ya pili unga wa HDPE wenye ukoga wa siku 26. Halafu klorini kiasi kimoja, miligramu 1 kwa lita. Nimeitengeneza kwa dawa nyeupe ya kufulia isiyo na manukato, asilimia 3.5: mililita 1 ndani ya lita nzima ya maji, kisha mililita 14 za hayo kwenye kila chupa.

Dakika 30. Kidonge cha DPD kwenye kila sampuli, kipimo ambacho maji yenye klorini huru hugeuka ya waridi. Sampuli ya unga mpya imewaka waridi kama juisi ya ubuyu. Ya unga wenye ukoga imekuwa waridi hafifu, ile ya maji uliyosuuzia glasi ya juisi. Klorini ileile, dakika zilezile. Sehemu kubwa imeliwa na ukoga.

Nikazima klorini iliyobaki kwa thayosalfeti (ukisahau hatua hii inaendelea kuua ndani ya chupa ya sampuli na matokeo yanakuwa mazuri kupita kiasi), nikapaka visahani: kimoja cha maji ya chupa ya pili, kimoja cha unga wake.

Siku ya 34

Vipande vya mraba nimevivuna leo, siku 14 baada ya kuvitumbukiza. Nasubiri visahani vyake kuliko mshahara. Hesabu iko siku ya 41.

Siku ya 37

Visahani vya klorini. Maji: koloni mbili. Unga uliokuwa ndani ya maji hayohayo: nimeacha kuhesabu nilipofika 200.

Hili ndilo nitakalomwonyesha Dokta kwanza. Anayechota maji hayo kwa kikombe na kupima maji peke yake ataandika "salama". Waliojificha kwenye gundi klorini haikuwafikia, iliishia mlangoni. Na miligramu 1 kwa lita si kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.5 ibaki baada ya dakika 30 za kukutana na maji, na angalau 0.2 pale mtu anapochota.

R2A inanipa idadi tu, majina haitaji. Wengi wa wakazi wa ukoga wa bomba hawamdhuru mtu mwenye afya. Lakini ukoo huo una watu wake wabaya: Pseudomonas aeruginosa, mycobacteria wasio wa kifua kikuu, na Legionella, mdudu wa homa ya mapafu, aliyejulikana baada ya mkutano wa maveterani hotelini Philadelphia mwaka 1976. Huyu wa mwisho anastawi kati ya nyuzi 25 na 45, na humpata mtu kwa kuvuta hewa yenye vitone vya maji, bafuni kwa mfano, kuliko kwa kunywa. Tenki letu ni nyuzi 33. Nimeiandika namba hiyo pembeni na kuizungushia duara.

Siku ya 41

Vipande vya mraba, uso sawa kwa uso. Kioo, PPR, HDPE na simtanki: sahani zimefuatana kwa karibu kiasi kwamba nikichanganya lebo siwezi kuzipanga tena. PVC iko juu kidogo. Rangi ya GV, baada ya kutoa ya mapacha, inasema hivyohivyo.

Mshindi si plastiki hata moja. Ni washa ya raba. Ilitoka na ute unaoning'inia, nikalazimika kuizimua mara mia zaidi ya wengine ili koloni zihesabike. Kumbe wenzetu Ulaya wanalijua hili zamani. Kabla bomba, kipira au bomba la bafu halijaruhusiwa kugusa maji ya kunywa, linatumbukizwa wiki kadhaa na kupimwa kama linawalisha bakteria. Raba na plastiki laini zinavuja kaboni kidogokidogo, na kwa mdudu mwenye njaa hicho ni chakula cha jioni. Plastiki ngumu nazo huvuja zikiwa mpya, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Nimefungua koki ya bafuni nikaitazama washa yake. Nimeifunga tena.

Siku ya 42

Mchana wa leo nimekaa na kalamu kujibu kitu kimoja: unga huu una uzito gani mbele ya tenki lenyewe?

Tenki la lita 1,000: kipenyo mita 1.1, maji yakiwa na kina cha mita 1.05. Ubavu unaoguswa na maji ni mita za mraba 3.6, sakafu 0.95. Jumla tuseme 4.6, sawa na sentimita za mraba 46,000.

Sasa chembe. Nijaalie ukarimu wa kupindukia: chembe 1,000 kwa kila lita, kila moja mviringo wa milimita 0.05. Tenki zima lina chembe milioni moja. Uso wa kila moja ni milimita za mraba 0.00785. Zidisha: sentimita za mraba 78.5.

Nimetoa kitambulisho changu cha NIDA kwenye pochi nikakipima kwa rula. Sentimita 8.56 kwa 5.4, yaani 46. Chembe milioni moja za plastiki, ukizikunjua zote, hazitandiki vitambulisho viwili. Ukuta wa tenki ni karibu mara 590 ya hapo.

Kwa hiyo nikitafuta wanakoishi bakteria wa maji yangu, nyumba yao ni ukuta. Unga ni daladala. Tofauti ni kwamba ukuta haumezwi, na abiria wa daladala wanafika kwenye kikombe wakiwa na gundi yao, klorini ikiwa imeshachoka. Hapo ndipo nilipobadilisha swali la kalamu nyekundu. Sikulifuta, nimelikata mstari mmoja ili lisomeke.

Siku ya 45

Mgawo. Siku mbili bomba la mtaa limekauka, leo alfajiri limekohoa na kuanza kutoa. Nimewahi na chupa: lita ya kwanza ina rangi ya chai ya maziwa, ya kumi ina rangi ya maji ya mchele, ya thelathini iko safi. Bomba likikaa tupu ukoga unanyauka, na maji yakirudi kwa kishindo yanaubandua. DPD ya lita ya thelathini: waridi nzuri. Ya maji ya tenki letu yaliyolala siku mbili juani: nyeupe kabisa, hata dalili.

Mama mwenye nyumba amenikuta nimechuchumaa pale na chupa zangu.

"Mwanangu, hayo ya kwanza sisi tunamwaga tu. Mama yangu alikuwa anayachuja kwa khanga."

Nikamsimulia ya Bangladesh. Kipindupindu nacho kinapanda daladala: bakteria wake, vibrio, hujibandika kwenye vidudu vidogo vya majini, ambavyo vinaonekana kwa shida kwa macho. Mwanasayansi Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kukunja sari kuukuu angalau mara nne na kuchujia maji. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Bakteria mmoja mmoja angepenya kitambaa kile bila kuinama. Kilichonaswa ni vyombo vyao vya usafiri.

Mama akaingia ndani akatoka na khanga yake. Nikachomoa uzi mmoja kwenye ukingo, nikauchoma kwa kiberiti. Ukayeyuka na kuacha kijitone cheusi kigumu. Pamba ingekuwa jivu.

"Poliesta, mama. Hii nayo ni plastiki."

"Na nimeuziwa kama pamba!" Akaenda kutafuta nyingine, ya harusi ya dada yake, imechakaa mpaka majina hayasomeki. Uzi ukawa jivu. Tumeikunja mara nne, tukachuja lita 10 za maji ya tenki. Chini ya hadubini: kutu, mchanga, vijipande saba vya kijani vyenye ukoga, na mguu wa mdudu. Maji yaliyopita bado yanahitaji kuchemshwa, nimemwambia, na amesema anajua, hakuzaliwa jana.

Siku ya 47

Kwenye chupa za HDPE, kama theluthi ya unga uliokuwa ukielea imezama. HDPE ni nyepesi kuliko maji kwa uzi mwembamba tu, kwa hiyo ukoga na tope kidogo vinatosha kuivuta chini. PPR bado inaelea, nyepesi mno. Maana yake tope la chini ya tenki ni mahali pa kutafuta unga mkongwe, na bomba letu la kutokea limefungwa pale pale chini, sentimita tatu juu ya tope.

Siku ya 49, Jumapili

Tumesafisha tenki. Fundi ameingia kiunoni kwenye mlango wa juu, mimi chini napokea ndoo. Tumekomba ukuta kwa brashi, tumetoa tope ndoo moja na nusu, tumejaza, tumetia lita 1.4 za ile dawa ya asilimia 3.5, ambayo kwa lita 1,000 inatoa takriban miligramu 50 kwa lita. Yatalala mpaka kesho, yamwagwe yote, wapangaji wameshaambiwa na ndoo zimejazwa pembeni. Bomba la kutokea limepandishwa sentimita 10. Washa zote za raba nimenunua mpya, najua zitaota ukoga tena.

Kwenye kiungio kipya fundi amekata PPR kwa mkasi. Ameununua mwenyewe wiki jana, hajaniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Kata moja, hakuna unga. Kisha akapuliza mdomo wa bomba kwa mazoea.

Sampuli ya kwanza baada ya usafi ni Jumamosi. Chupa ya 6 na ya 7 nimeziacha kama zilivyo, na maji yake ya zamani. Mama anataka chupa zake za jamu. Nimemwomba wiki tatu.